Akiba Haiozi, Lakini Hupotea

Wahenga walisema akiba haiozi. Nami naongeza: haiozi, lakini hupotea usipoikagua. Mpenzi msomaji, keti nikufunze, maana yaliyonipata mimi sikuombei.

Chumba chetu cha tarakilishi kina seva ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 kwa kuiga Unix, nayo Unix ilizaliwa mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell kule Marekani. Kila mwanafunzi ana saraka yake ya nyumbani ndani ya /home. Insha, picha na mradi wake vyote hulala humo.

Mwalimu alinikabidhi kazi ya kuhifadhi nakala. Watumishi wangu ni wawili. Wa kwanza ni cron, mlinzi wa saa. Wa pili ni rsync, mpagazi anayebeba tu faili mpya na zilizobadilika, hivyo kazi huisha upesi. Niliwaagiza hivi:

0 18 * * 1-5 rsync -a /home/ /mnt/akiba/home/

Maana yake: dakika ya 0, saa 18, yaani saa kumi na mbili jioni, tarehe yoyote, mwezi wowote, Jumatatu hadi Ijumaa. Alama ya -a hutunza tarehe, ruhusa na mwenye faili. Nayo /mnt/akiba ni mlango wa diski ya nje.

Basi nikalala usingizi wa pono. Muhula uliopita mtu alichomoa waya wa diski ile. Cron kimya, rsync kimya. Kumbe mlango ukikosa diski hubaki saraka ya kawaida ndani ya diski ya seva yenyewe! Wiki tatu nzima tulikuwa tukihamisha mali kutoka mfuko wa kulia hadi wa kushoto, na suruali ni ileile. Diski ya seva ilipokufa, kazi ya wiki hizo ikaenda na maji.

Rafiki yangu, mtahiniwa mwenzangu, aliniuliza, "Si ulisema kuna akiba?" Lo! Nilikosa la kujibu. Tuliuandika upya mradi wake, mimi nikimsomea kutoka karatasi alizokuwa amechapisha.

Ndugu msomaji, shika haya matatu.

Kwanza, ubishe hodi kabla ya kuingia. Agizo letu sasa huanza na swali, "Diski ipo?" Isipokuwepo, mpagazi haondoki:

0 18 * * 1-5 mountpoint -q /mnt/akiba && rsync -a /home/ /mnt/akiba/home/

Pili, rsync hunakili hata makosa. Ukiharibu insha yako asubuhi, jioni nakala nzuri itafunikwa na mbovu. Kwa hivyo kila Ijumaa tunafunga saraka zote kwa tar katika faili moja yenye tarehe, na kuiweka kwenye diski nyingine inayokaa jengo jingine. Moto ukizuka, usiteketeze vyote.

Tatu, na ndilo kubwa: jaribu kurejesha. Mashine hunakili, lakini mtu ndiye huhakikisha. Kila Ijumaa mimi na rafiki yangu huchagua faili moja, tukairejesha na kuifungua. Ikifunguka, ndipo tunaenda kula.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeshajenga wangu. Wewe ziba ufa wako leo.