Amana ya Watoto Katika Vyama vya Khidma

Vijana kadhaa wa mtaani walitujia baada ya darasa la Alkhamisi, wakatuambia kuwa wamekusudia kuanzisha chama cha khidma. Watasafisha pwani, watawasomesha watoto wakati wa likizo, na watawatoa matembezi wale ambao wazee wao hawana uwezo. Kanuni zao walikuwa wamekwisha kuziandika katika daftari, kurasa 11, wakataka tuzitazame na tuwape rai. Tulizisoma zote. Mlikuwa na fungu la mwenyekiti, fungu la mweka hazina, fungu la ada, na namna ya kumtoa mwanachama asiyelipa ada. Ama mtoto mwenyewe, ambaye kwa ajili yake chama kinaundwa, hakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Hatukuwalaumu, kwani ndivyo tulivyo sote. Mzazi humkabidhi mtoto kwa mwalimu au kwa kiongozi, akarudi nyumbani moyo umemtua, kwa kuwa yule mtu ni mwenyeji, anajulikana ukoo wake, na husimama safu ya kwanza. Tumeona basi tulifanye suala lao kuwa darasa letu la mwezi huu. Na kwa kuwa hatupendi kusema kwa kukisia, tutatazama chama kimoja mashuhuri ambacho mambo yake, mema na mabaya, yamekwisha kuwa wazi mbele ya walimwengu: nacho ni chama cha Skauti.

Chama hiki si kigeni kwetu. Kilianza Uingereza mwaka 1907, kikaingia Kenya mwaka 1910, na mwanzilishi wake, Baden-Powell, alifariki Nyeri mwaka 1941 na kaburi lake liko huko huko. Kambi yake ya kwanza, katika kisiwa cha Brownsea, ilikuwa na wavulana wapatao 20, na aliwachanganya kwa makusudi watoto wa shule za matajiri na watoto wa wafanyakazi, wakala chakula kimoja na kulala hema moja. Kwa Uingereza ya siku zile jambo hilo halikuwa dogo. Wasichana hawakualikwa, walakini mwaka 1909, Skauti walipokusanyika London, walitokea wasichana wamejivalia sare zao wenyewe wakidai nao waandikwe, na mwaka uliofuata wakapatiwa chama chao. Twayataja haya ili ijulikane kuwa hatuzungumzii watu waovu. Twazungumzia watu waliotaka kheri.

Na watu hao waliotaka kheri, kule Marekani, walifikwa na fedheha ambayo mfano wake ni adimu. Tangu miaka ya 1920 makao makuu ya Skauti wa Marekani yalikuwa yakiweka majalada ya siri ya watu wasiofaa kuachiwa watoto. Miongoni mwao walikuwa wengi walioshukiwa, au waliojulikana kabisa, kuwa ni waharibifu wa watoto. Kusudi la majalada lilikuwa jema: mtu aliyetolewa mji huu asipokewe mji mwingine. Lakini jalada lilifungwa kabatini. Mara nyingi polisi hawakuambiwa, wazazi wa watoto wengine hawakuambiwa, na mtu mwenyewe alitakiwa ajiuzulu kimya kimya, pengine kwa kisingizio cha kazi au cha ugonjwa. Baadhi yao walirudi tena kwa watoto. Mwaka 2010 mahakama ya Portland, katika jimbo la Oregon, ilikiona chama kina makosa katika kesi ya mtu mmoja aliyedhuriwa utotoni, na Oktoba 2012 majalada zaidi ya 1,200 yakatolewa hadharani kwa amri ya mahakama. Februari 2020 chama kilikimbilia sheria ya kufilisika. Waliojitokeza kudai kuwa waliharibiwa utotoni walizidi 82,000, na mfuko wa kuwalipa ulipangwa uwe na dola takriban bilioni 2.46. Wengi wa wadai hao walikuwa wamekwisha kuwa wazee. Walikuwa wamenyamaza umri mzima.

Tusiisome khabari hii kwa kusema, "Hayo ni ya kwao." Tulitazame lile kabati. Kwa nini lilifungwa? Lilifungwa kwa kuchelea jina la chama. Na sisi kabati letu tunalo, ila sisi twaliita sitara. Kijana fulani anasemwa, au mwalimu fulani anasemwa. Wazee wanakutana usiku. Pande mbili zinapatanishwa. Mkosaji anahamishwa mtaa, au anapelekwa bara kwa jamaa zake mpaka maneno yapoe. Na mama wa mtoto anaambiwa amsitiri mwanawe asije akakosa mume kesho. Sisi twasema kuwa huku ni kuifahamu sitara kinyume. Sitara ni kwa aibu ya mtu baina yake na Mola wake, aliyoteleza na kutubu. Haki ya mtu wa tatu aliyedhulumiwa haiingii humo, wala madhara yanayongojea mtoto mwingine katika mtaa atakaohamia mkosaji hayaingii humo. Aliyesitiriwa hapa si mtoto. Mtoto yu uchi vile vile.

Na sheria ya nchi yetu katika jambo hili iko wazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kulindwa na dhuluma, kutupwa, na kila namna ya ukatili, na imesema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo yatangulizwe katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 na Sheria ya Watoto ya 2022 zimeyafafanua hayo, na mtoto ni kila ambaye hajatimiza miaka 18. Kumharibu mtoto ni jinai. Si deni la kulipana baina ya koo mbili kwa mbuzi na mkono wa radhi.

Sasa turudi kwa vijana wetu na daftari lao. Jambo la kwanza tuliloliwaambia waliandike ni lile ambalo Skauti wa Marekani walilifikia kwa gharama kubwa, na ambalo tangu Oktoba 2018 wanalishika katika kila shughuli: kwamba watu wazima wawe wawili siku zote, na mtu mzima asikae na mtoto mmoja peke yao mahali pasipoonekana. Basi. Masomo ya likizo yafanywe chumba kilicho wazi mlango. Mtoto asipakiwe garini peke yake na kiongozi. Barua za simu zisipelekwe kwa mtoto mmoja mafichoni, bali katika kundi ambalo wazazi wamo. Na wakilala kambini, wakubwa walale kwao na watoto kwao, wasichana wakiwa na viongozi wanawake.

Kijana mmoja alituuliza, "Je, maalim, huku si kuwadhania watu vibaya?" Suali lake ni zuri, na twaona hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Jawabu ni kuwa kanuni inayomfunga mtu mmoja ni tuhuma, lakini kanuni inayowafunga wote, kuanzia mwenyekiti, si tuhuma kwa yeyote. Mweka hazina huandika risiti ya shilingi 50 na hasemi kuwa ametukanwa. Iwaje fedha ziwe na mashahidi na watoto wasiwe nao? Tena kanuni hii humlinda hata mwema, kwani hapati mtu nafasi ya kumsingizia.

Wengine husema yatosha kiongozi alete cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Kiletwe, hatukikatai. Lakini cheti chamwonyesha aliyehukumiwa tu. Yule aliyesuluhishwa usiku na wazee, tuliyemtaja juu, cheti chake ni safi kama theluji ya Mlima Kenya. Kwa hivyo chama kiulize pia kule mtu alikokuwa akifundisha kwanza, na kiulize sababu ya kuondoka kwake. Na akiulizwa mzee wa mtaa mwingine, amche Mungu aseme kweli.

Jambo la pili ni nani atakayemsikiliza mtoto. Mtoto aghalabu hasemi moja kwa moja. Huumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Hukataa kwenda chuoni alikokuwa akipenda. Husema maneno ya pembeni, akiangalia utaambiwaje. Basi chama kitaje watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao kila mtoto anawajua kwa majina. Anayeambiwa asimuulize mtoto kama hakimu, wala asimuahidi kuwa itakuwa siri, kwa kuwa hataweza kuitimiza ahadi hiyo. Ayaandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, apeleke khabari kwa polisi na kwa afisa wa watoto, au apige simu nambari 116, ambayo haina malipo. Na ikiwa mtoto ameingiliwa, apelekwe hospitali kabla ya kuogeshwa na kabla nguo zake hazijafuliwa, tena upesi, kwani dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi yafaa ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mama wengi humwosha mtoto kwa huruma. Huruma hiyo huosha ushahidi.

Tulipofika hapa vijana wakaona kazi imekuwa nzito, na mmoja wao akatoa shauri: "Basi tuwachukue watoto wasio na taabu. Viziwi, viwete na wenye akili nzito tusiwachukue, kwa usalama wao." Hapo ndipo tulipokataa kabisa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kwa jitihada za Shirika la Afya Duniani ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili karibu mara 4 kuliko wenzao. Kumfungia nyumbani mtoto asiyesikia si kumlinda. Ni kumwacha mahali ambapo hakuna jicho la pili. Chama kinachosema hakiwezi kumchukua kijiulize kwanza kama kimejaribu: kiongozi mmoja ajifunze lugha ya ishara, mkutano ufanywe chini badala ya ghorofani, na mama wa mtoto aulizwe mwanawe ataka nini, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wenu katika hilo. Abdullahi bin Umm Maktum, radhi za Mungu zimshukie, alikuwa kipofu, na Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili yake. Hakukalishwa pembeni akaonewa huruma. Aliadhini Madina, na Mtume (S.A.W.) alimwachia mji aliposafiri.

Na mtoto hufukuzwa pia kwa njia zisizosema "toka". Sare ya bei ghali humfukuza mtoto wa mchukuzi. Mzaha juu ya kabila au rangi ya mtoto humfukuza, hata kama kiongozi mwenyewe alicheka bila ya kukusudia. Vijana wakaifuta sare daftarini, wakaweka kitambaa cha shingoni.

Lililobaki ni bahari, nayo haitaki maneno mengi kwa watu wa pwani, ila mazoea hutughuri. Agosti 1912 mashua ya Skauti wa London ilipinduka karibu na Leysdown kwa dharuba ya ghafla, wakazama watoto 9, ilhali viongozi wao walikuwa pamoja nao. Basi watoto wahesabiwe wakishuka na wahesabiwe wakipanda, kwa majina, si kwa kukadiria. Jaketi za kuokolea maisha ziwe kwa idadi ya watoto. Na nahodha akisema leo hapana safari, mwenyekiti asibishane naye.

Vijana wamechukua daftari lao, sasa lina kurasa 14, na wameahidi kuzisoma zile tatu mbele ya wazazi na watoto pamoja kabla ya matembezi ya kwanza. Suala la kupiga picha za watoto wanaopewa sadaka na kuzitangaza, ambalo waliliuliza wakiwa mlangoni, ni refu. Tutaliandika katika darasa lijalo, inshaallah.