Darsa la Siku ya 14: Umeme wa ofisini nao ni amana



Ndugu yangu uliyefunga, leo twende kazini.

Nyumbani LUKU ikianza kulia, unazunguka chumba kwa chumba kuzima taa. Mtoto akiacha friji wazi, anasemwa. Ukifika ofisini unakuwa mtu mwingine. AC inapuliza mpaka watu wanavaa koti, na dirisha liko wazi. Kompyuta zinawaka usiku kucha. Bomba la chooni linavuja tangu Rajabu, kila mtu analiona na kila mtu anapita. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Kwani bili nalipa mimi?"

Jibu hilo ndilo tulitazame leo.

*1. Mwajiriwa naye ni mchunga*

Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume ﷺ ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Akamtaja kiongozi, akamtaja mume na mke. Wengi tukisimulia tunaishia hapo. Lakini hadithi inafika mpaka kwa mtumishi: naye ni mchunga wa mali ya bwana wake, na ataulizwa.

Umeona? Mtu ambaye mali si yake ametajwa kwa nafasi yake. Kwa hiyo "silipi mimi" haikutoi kwenye swali. Ukifuja chako, umefanya israfu. Ukifuja cha mwajiri, umefanya israfu na umevunja amana. Na kama ni ofisi ya serikali, shule au zahanati, basi wenye mali ni wananchi wote. Maji yanayomwagika hapo, kuna mtaa unayasubiri kwenye mgao.

*2. Kipimo cha Mtume ﷺ*

Anas (r.a.) amesimulia, na iko kwa Bukhari na Muslim, kuwa Mtume ﷺ alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji. Mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida, hata lita moja haifiki. Sasa jiangalie adhuhuri pale kazini: bomba limefunguliwa mpaka mwisho, nawe unakunja mikono ya shati taratibu.

*3. Aliyeanza hakutajwa jina*

Jarir bin Abdillah (r.a.) anasimulia katika Sahih Muslim kuwa walikuja watu wa Mudar wakiwa na dhiki kubwa, hawana viatu, nguo zao duni. Mtume ﷺ alipowaona, uso wake ulibadilika. Baada ya swala akahutubia na kuhimiza sadaka. Wote walisikia. Akainuka mtu mmoja wa Ansari na mfuko mzito, mikono yake karibu ishindwe kuubeba. Watu wakafuata, mpaka yakajaa mafungu mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ﷺ ukang'ara. Hapo ndipo akafundisha kuwa anayeanzisha jambo jema anapata ujira wake na mfano wa ujira wa watakaomfuata, bila wao kupunguziwa kitu.

Hadithi haikumtaja jina mtu yule, wala haikusema ana cheo gani. Alitangulia tu.

*Uanze vipi?*

▪️ Anza na futari ya ofisini. Watu wahesabiwe kabla chakula hakijaagizwa. Kila mtu aje na bakuli na kikombe chake, tuachane na sahani za kutupa. Na mlinzi wa zamu ya usiku awekewe fungu lake mwanzo, asingojee makombo.

▪️ Pima. Weka ndoo chini ya lile bomba baada ya adhuhuri, itazame alasiri. Mpelekee bosi hesabu hiyo. Lawama anaweza kubishana nazo, ndoo iliyojaa je?

▪️ Usiwe polisi wa ofisi. Zima taa mwenyewe bila kutangaza. Ukimsema mwenzako mbele za watu, atakuchukia wewe na taa yenyewe ataiacha.

▪️ Na wewe uliye bosi: kamuulize dada wa usafi. Yeye ndiye anayejua ni bomba gani linavuja na ni chakula kiasi gani kinaishia jaani. Akikueleza, mfanyie kazi neno lake na useme limetoka kwake. Mtu akisikilizwa mara moja, mara ya pili ataanza mwenyewe.

*Zoezi la leo:* chagua kitu kimoja tu kazini kwako, kisimamie mpaka Iddi. Baada ya Iddi usikiache.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waaminifu wa tulichokabidhiwa, kikubwa na kidogo, na utukubalie funga zetu. Amin.

Mtumie mfanyakazi mwenzako. Kesho in shaa Allah, siku ya 15.