NDEGE WA MATLAI NA ITIKADI YA MIKOSI

Katika Surat al-Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu atuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu, jinsi wanavyozikunjua mbawa zao na kuzikunja. Lakini wangapi katika sisi humtazama ndege ila kwa khofu? Bundi akilia juu ya paa, husemwa pana mtu atakufa, na watoto hutumwa kumfukuza kwa mawe.

Itikadi hii ni kongwe. Waarabu wa zama za Jahiliya, mtu akitaka kusafiri alikuwa akimshtua ndege: akiruka kuume, husafiri, akiruka kushoto, hurejea nyumbani. Ndipo mkosi ukaitwa tiyara, neno litokanalo na tayr, yaani ndege. Na bundi, ambaye walimwita hama, walidai kuwa ni roho ya aliyeuawa, yataka kisasi. Mtume (S.A.W.) aliyakana yote mawili, na hadithi yake imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Basi ampigaye bundi kwa sababu ya mkosi na ajiulize afuata mila ya nani.

Ama khabari za kweli za ndege zapita mikosi hiyo kwa ajabu. Tangu Agosti hata Novemba, kusi likilegea na matlai yakiingia, matope yaliyo kando ya mikoko katika hori za pwani yetu, Mtwapa, Kilifi na Mida, hupata wageni. Wamo vitwitwi waliozaliwa Siberia mwezi wa Juni au Julai, katika nchi ambayo wakati huo jua halituwi. Wazazi wao hutangulia. Makinda hufuata nyuma peke yao, safari ya maelfu ya maili, bila ya rubani. Na huko Mida huja ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, chakula chake kaa. Huyu hutaga Oman na pwani za Ghuba: huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu. Majahazi ya Waarabu yalipokuwa yakija na kaskazi, yeye alikuwa keshafika zamani.

Na huyo bundi je? Msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, una kijibundi kisichotimia shibiri moja, ambacho wataalamu walikitambua mwaka 1965. Nje ya msitu huo chapatikana pia chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Hula wadudu, hakiui mtu. Bali chenyewe ndicho kilicho khatarini kutoweka, kwa kukatwa miti.

Atakaye kuwasoma ndege hawa na aende hori ya Mtwapa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi. Yakianza kujaa, ndege husogezwa karibu na ufuo, na asimamaye kwa utulivu huwaona vizuri. Achukue daftari, aandike tarehe, upepo na idadi yao. Afuatane na watoto, ila manati yabaki nyumbani. Wageni hao wengi wao huondoka mwezi wa Aprili, kusi likirudi.