UANDISHI WA RISALA: KUOMBA MCHANGO WA KUKARABATI UKUMBI WA MAONYESHO

Maana

Risala ni maelezo yanayoandikwa na kundi la watu na kusomwa na mwakilishi wao mbele ya kiongozi au mgeni rasmi. Hueleza mafanikio, matatizo na maombi ya kundi hilo. Ikishasomwa, mgeni hukabidhiwa nakala yake. Hotuba ni tofauti: mgeni rasmi ndiye huitoa kwa hadhira, na mara nyingi hujibu yaliyosemwa katika risala. Mtahiniwa anayechanganya viwili hivi hujikuta akiagiza mahali pa kuomba.

Muundo

(a) Kichwa: Huandikwa kwa herufi kubwa. Kitaje risala ni ya nani, kwa nani, katika shughuli gani na tarehe gani.
(b) Utangulizi: Itifaki, salamu na shukrani.
(c) Kiini: Mafanikio, matatizo na maombi.
(d) Hitimisho: Shukrani, ahadi na jina la kundi lililoandaa.

Swali

Wewe ni katibu wa klabu ya sanaa. Mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa zamani wa shule yenu amealikwa kuwa mgeni rasmi katika mahafali ya kidato cha nne. Andika risala ya kuomba umoja huo usaidie kukarabati ukumbi wa maonyesho.

Jibu la mfano

RISALA YA WANAFUNZI WA SHULE YA SEKONDARI ………… KWA MGENI RASMI, MWENYEKITI WA UMOJA WA WANAFUNZI WA ZAMANI, SIKU YA MAHAFALI YA KIDATO CHA NNE, TAREHE …………

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, kaka na dada zetu mliosoma hapa, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo. Tunakushukuru nawe kwa kuukubali mwaliko wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwaka huu klabu yetu imeigiza tamthilia mbili tunazozisoma darasani, *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* na *Kilio Chetu*. Wenzetu wengi wanasema walizielewa vizuri zaidi walipoziona kuliko walipozisoma.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tuliigizia kwenye uwanja wa mpira wa pete. Waliokaa nyuma hawakusikia, na mvua iliukatisha mchezo wa pili kabla haujaisha. Hata mahafali haya tunayafanyia chini ya turubai kwa sababu ukumbi mlioutumia ninyi umefungwa. Mabati yake yametoboka, mbao za jukwaa zimeliwa na mchwa na nyaya za umeme zimechakaa.

Hatukukaa kusubiri. Kwa kiingilio cha maonyesho yetu tumenunua mabati 15 kati ya 60 yanayohitajika. Baadhi ya wazazi wetu ambao ni mafundi wameahidi kufanya kazi siku za Jumamosi bila malipo.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kupitia kwako, tunauomba umoja wenu utusaidie mabati 45 yaliyobaki, mbao za jukwaa na fundi umeme mwenye leseni. Asiye na fedha tunamkaribisha na ujuzi wake.

Tunaahidi kuandika kila mchango katika daftari na kubandika hesabu kwenye ubao wa matangazo. Siku ukumbi utakapofunguliwa, viti vya mbele vitakuwa vyenu, nasi tutaumalizia ule mchezo uliokatishwa na mvua.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Risala hii imeandaliwa na wanafunzi wa Shule ya Sekondari …………
Imesomwa na Katibu, Klabu ya Sanaa.

Kwa nini jibu hili ni zuri?

1. Ombi linapimika. "Tunaomba msaada" halimwambii mgeni atoe nini. "Mabati 45" linamwambia.
2. Juhudi za wanafunzi zimetajwa kabla ya ombi. Mtu huchangia kwa moyo kazi ambayo wenyewe wameshaianza.
3. Ahadi ya kubandika hesabu inamwondolea mchangiaji wasiwasi wa fedha zake kupotea.
4. "Ndugu Mgeni Rasmi" imerudiwa kila hoja mpya inapoanza.

Makosa ya kuepuka

- Kutumia lugha ya amri, kama "tunataka mtujengee".
- Kulaumu uongozi wa shule mbele ya mgeni.
- Kuorodhesha matatizo kumi. Chagua machache yanayohusiana na ombi lako.
- Kuandika jina lako au la shule yako halisi. Tumia majina uliyopewa kwenye swali.

Zoezi

Jifanye wewe ndiye mgeni rasmi. Andika hotuba ya kuijibu risala hii. Eleza ni ombi lipi umoja wenu utalitimiza, lini, na lipi hamtaliweza kwa sasa.