Hospitali Ipi Bora? Uliza Kwanza Ni Nani Waliolazwa

"Usimpeleke pale, pale watu hufa." Maneno haya husikika sokoni, kwenye matatu na hata barazani. Husemwa kwa nia njema, lakini yanaweza kugharimu maisha. Mama mwenye uchungu au mtoto mwenye homa kali hubakizwa nyumbani siku mbili zaidi, na anapofikishwa hospitalini hali imeshazorota. Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kulinganisha hospitali kwa haki.

Kwa nini idadi ya vifo haitoshi

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 25,336, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 268,002. Wagonjwa wanaozidi uwezo wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Sericho hadi Oldonyiro, hupewa rufaa, na walio na hali mbaya zaidi huishia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo. Mgonjwa akifariki huko, kifo huandikwa kwenye rejista ya hospitali iliyompokea, si ya kituo kilichomtuma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali ya Kwanza ni ya rufaa, ya Pili ni ndogo. Kila moja imelaza wagonjwa 1,000.

- Ya Kwanza: mahututi 400, wakafariki 40, wasio mahututi 600, wakafariki 6. Jumla ya vifo ni 46.
- Ya Pili: mahututi 100, wakafariki 15, wasio mahututi 900, wakafariki 18. Jumla ya vifo ni 33.

Kwa haraka utasema ya Pili ni bora. Sasa tazama kila kundi peke yake. Kati ya mahututi 100, ya Kwanza ilipoteza 10, ya Pili 15. Kati ya wasio mahututi 100, ya Kwanza ilipoteza 1, ya Pili 2. Hospitali ya Kwanza imefanya vyema katika makundi yote mawili. Vifo vyake ni vingi kwa sababu ilibeba mzigo mzito zaidi.

Hesabu hurekebishwaje?

Wataalamu huuliza: kwa wagonjwa wa aina hii, vifo vingapi vingetarajiwa? Tukiunganisha hospitali zote mbili, mahututi 11 kati ya 100 walifariki, na wasio mahututi 1.6 kati ya 100. Kwa viwango hivyo, Hospitali ya Kwanza ingetarajiwa kuwa na vifo takriban 54, lakini ilikuwa na 46. Ya Pili ingetarajiwa kuwa na takriban 25, lakini ilikuwa na 33. Ya Pili ndiyo inayopaswa kuulizwa maswali.

Suala hili si geni. Mwaka wa 1863, Florence Nightingale alichapisha jedwali lililoonyesha hospitali 24 za London zikiwa na vifo zaidi ya 90 kwa kila wagonjwa 100. Vifo vya mwaka mzima vilikuwa vimegawanywa kwa idadi ya waliokuwa vitandani siku moja tu. Madaktari walipinga, wakisema pia kwamba wagonjwa wa hospitali za mijini hawakufanana na wa mashambani.

Hapa Kenya, tangu 2013, Wizara ya Afya, KEMRI-Wellcome Trust na Chama cha Madaktari wa Watoto wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za watoto waliolazwa katika baadhi ya hospitali za kaunti. Hospitali ya eneo lenye malaria nyingi haiwezi kupimwa sawa na ya eneo lisilo na malaria bila kuzingatia tofauti hiyo.

Si kisingizio

Marekebisho haya hayafuti makosa. Ukali wa ugonjwa hupimwa mgonjwa anapowasili: umri, kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, joto, oksijeni na kama ana fahamu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Madhara yanayompata mgonjwa akiwa wodini hayahesabiwi kama ugonjwa aliokuja nao. Na pasipo vipimo kwenye faili, hakuna hesabu ya haki inayowezekana.

Vilevile, mgonjwa akifika akiwa mahututi kwa sababu ambulensi ilichelewa, hospitali haina lawama, lakini mfumo wa afya wa kaunti una swali la kujibu.

Mkazi afanye nini?

- Fika mapema, na ubebe barua ya rufaa au kijitabu cha mama na mtoto.
- Eleza ugonjwa ulianza lini na dawa zilizotumika, zikiwemo za kienyeji.
- Hakikisha mgonjwa amepimwa na vipimo vimeandikwa.
- Kwenye vikao vya umma vya bajeti, usiulize tu "wangapi walifariki?" Uliza pia walifika wakiwa katika hali gani, walisubiri muda gani, na wangapi walitarajiwa kupona.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Itumie haki hiyo. Lakini mgonjwa wako asisubiri majibu nyumbani: mpeleke hospitalini leo.