SOMO LETU: KWININI IKIZIDI HUHARIBU MACHO



Hapa Kakamega malaria iko nasi mwaka mzima, na nyumba nyingi hazikosi dawa iliyobaki. Leo tujifunze jambo moja: dawa inayookoa maisha ikizidi, inaweza kuzima macho.

Tuchukue mfano. Baba fulani alipewa kwinini, vidonge vitatu kila saa nane. Vilikuwa vya miligramu 200, yaani 600 kwa mara moja. Mwaka huu homa imerudi. Anatuma mtoto dukani, analetewa vya miligramu 300. Baba anameza vitatu kama zamani: sasa ni 900! Mwili bado unauma, anasema, "Wacha niongeze, nipone upesi." Kwa siku moja amemeza vidonge 12, miligramu 3,600 badala ya 1,800.

Dalili zake ni gani? Masikio huvuma, kichwa huzunguka, mtu hutapika. Masikio yanaweza kuvuma kidogo hata kwa kipimo cha sawasawa. Lakini macho yakianza kuona ukungu au giza, hiyo ni hatari. Kwa nje jicho halina usaha. Kilichoumia ni sehemu ya nyuma inayopokea mwanga. Wengine husema, "Malaria imepanda kichwani," au wanadhani amerogwa, na saa zinapotea.

Tufanye nini?

1. Acha dawa mara moja. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, kwa sababu kwinini iliyozidi hudhuru moyo pia.
2. Beba pakiti na vidonge vilivyobaki. Sema ukweli amemeza vingapi na saa ngapi.
3. Usimpe mgonjwa dawa ya jirani. Soma miligramu, usihesabu vidonge tu. Watoto hupimwa kwa uzito.
4. Homa ikija, pimwa damu kwanza. Tangu 2006 dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida nchini ni AL, si kwinini.

Wengine huanza kuona tena baada ya siku au wiki kadhaa, lakini wanaweza kubaki wakiona mbele tu, pembeni giza. Mtu kama huyo atavukaje barabara ya Mumias? Hakuna dawa ya hakika ya kurudisha macho hayo. Kinga ndiyo dawa.

Maswali ya kikundi:
- Nyumbani kwako kuna dawa gani zilizobaki? Watoto wanazifikia?
- Nani kati yetu atawasomea pakiti wazee wasioona vizuri?