Somo la 32: Makala ya moto

Makala ni kaboni karibu yote. Alama ya kaboni ni C. Ndani ya hewa mna oksijeni. Alama yake ni O. Atomu za oksijeni hukaa mbili mbili, kwa hiyo huandikwa O₂. Namba ndogo ya chini yaonyesha hesabu ya atomu.

Makala yakiwaka penye hewa nyingi, huandikwa hivi:

C + O₂ → CO₂

Mshale maana yake: hugeuka kuwa. Kushoto kuna C moja na O mbili, kuume vilevile. Hakuna atomu iliyopotea, wala iliyozidi.

Lakini mbabula ikiwekwa katika nyumba iliyofungwa, oksijeni hupunguka. C nyingi hupata O moja moja tu:

2C + O₂ → 2CO

Namba kubwa ya mbele huhesabu kitu kizima: CO mbili zina C mbili na O mbili.

CO ni sumu. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Mtu aliyelala aweza kufa pasipo kuamka. Basi, hata wakati wa baridi, mbabula yenye moto isiingizwe katika chumba cha kulala.

Maulizo
1. CO na CO₂ zatofautiana namna gani?
2. Hesabu atomu za kila upande: 2CO + O₂ → 2CO₂.
3. Kwa sababu gani pua haiwezi kumwonya mtu juu ya CO?